Siku Mwalimu Alipotusalimia kwa Kushoto

Mkono wangu wa kushoto umepigwa kuliko punda wa kubeba maji. Naanzia hapo, ingawa habari ninayotaka kuandika ni ya skauti, ya siku ile tulipowaita wazazi shuleni waelezwe watoto wao wa kiume watafundishwa nini, na ya mama mmoja mjane aliyetaka kumtoa mwanawe bichi, yaani ufukweni mwa ziwa wavuvi wanapofikisha mashua, kabla hajauawa. Nitafika. Mtu aliyeishia darasa la tatu haandiki kama reli inavyokwenda. Anaandika kama ng'ombe anayerudi kutoka malishoni, anasimama hapa anang'oa kidogo, anasimama pale anakojoa, lakini boma analijua.

Nilizaliwa mtu wa kushoto, kwetu wanamwita racham. Bibi yangu alikuwa akinifunga mkono huo nyuma kwa kamba ya katani wakati wa kula. Nikijifungua, baba anakuja. Baba hakuwa na maneno mengi, alikuwa na mguu wa kiti. Shuleni mwalimu alinipiga kwenye vifundo vya vidole kwa ubapa wa rula, baadaye kwa ukingo, mpaka siku moja ukucha wa kidole cha mwisho ukabaki juu ya dawati. Nilitoka kwa dirisha siku hiyo na shule yangu ikawa imekwisha. Sikuwachukia. Kwetu mkono wa kushoto ni wa kujisafisha chooni, haumpi mtu chakula wala salamu. Tena mwanamume akifa anazikwa upande wa kulia wa nyumba yake, na mwanamke upande wa kushoto. Kwa hiyo ukimpa mwanamume mkono wa kushoto umemtusi mara mbili, umemwambia ni mavi na umemwambia ni mwanamke. Hilo mtoto analijua kabla hajajua kufunga kifungo cha shati.

Nilipokwenda Kisumu kubeba magunia gatini ndipo nikampata mtu wa kwanza kuusifu mkono huo. Alikuwa mzee wa ndondi, anafundisha jioni kwenye ukumbi wa kijamii, pua yake imelala shavuni. Aliniona nikigombana na mpagazi mwenzangu juu ya gunia la sukari. Akaniambia, wewe lete huo mkono. Miaka ile ya themanini nilipiga watu na nikapigwa. Kuna fundi mmoja wa garimoshi nilimvunja taya, nikasikia kama mtu anavunja muwa kwa goti, na nitasema ukweli, nilifurahi. Meno yangu ya mbele nayo yalibaki Kisumu. Nikarudi nyumbani upande wa Asembo Bay na ngumi bila pesa, nikanunua sehemu ya mashua, nikaoa. Halafu wakaniweka kwenye kamati ya wazazi ya shule ya msingi. Kusoma sikujua vizuri, lakini mikutano ya wazazi ilikuwa inaisha kwa kurushiana viti, na mwalimu mkuu alitaka mtu wa kukaa karibu na mlango.

Sasa bichi. Wakati huo samaki wa mbuta alikuwa na bei na magari ya viwanda yalikuwa yakija mpaka majini na barafu, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kumpiga mwenzake. Bichi yetu na bichi ya pili, ng'ambo ya mwamba, tulikuwa tukikatiana nyavu. Wazee tulitukanana, lakini watoto walipigana. Walipigana kwa makasia, kwa mawe, kwa minyororo ya baiskeli, na kwa miiba ya samaki iliyofungwa kwenye fimbo. Unakuta mtoto wa darasa la sita amekaa darasani na shimo kichwani limejazwa majani, nzi wanamfuata. Chifu alikuja na askari, akapanga kila kijana aliyeonekana mchangani, akawachapa mstari mzima, na mmoja wao alikuwa mgeni tu aliyetumwa kununua omena, wale dagaa wetu. Jumamosi iliyofuata wakapigana tena, na majeraha ya fimbo za chifu mgongoni yakiwa bado mabichi.

Mtoto wa mjane ndiye alikuwa na shabaha. Mama yake alikuwa jirani yangu, mwanamke mwembamba anayekaanga samaki, mikono yake imejaa alama za mafuta. Mume wake alikufa maji, akamwachia huyo mvulana mmoja. Basi kijana huyo siku moja alilenga kwa manati kutoka juu ya mwamba, na jiwe likamwingia kijana wa bichi ya pili kwenye jicho. Jicho halikupona. Mimi nilimwona huyo aliyepigwa akipelekwa hospitali juu ya baiskeli, ameshika uso kama anashika yai. Tangu hapo wa bichi ya pili hawakutisha kwa kelele tena. Walituma neno moja tu, kupitia kwa wanawake sokoni, kwamba shule zikifungwa Agosti, yule wa mjane watampata mchangani na hatarudi nyumbani kwa miguu yake.

Na mchangani alikuwa lazima awe, kwa sababu ya shemeji wa mama huyo. Mume akifa kwetu, watoto ni wa ndugu za mume. Huyu shemeji alikuwa na mashua kubwa yenye mashine, na likizo zote alimtumia kijana kulinda nyavu pamoja na mwanawe mkubwa, kijana wa umri wake. Mjane hakuwa na sauti juu ya jambo hilo.

Ndipo akaja mwalimu kijana kutoka milima ya Maragoli. Mtu mfupi, mchangamfu, Dholuo, lugha yetu, anaivunja kama mtu anayepasua kuni kwa shoka butu. Yeye alikuwa skauti tangu mtoto. Akamwambia mwalimu mkuu kwamba vijana hawa wanapigana kwa sababu wana nguvu na hawana kazi ya nguvu hiyo, wapewe fimbo za kupandia milima badala ya makasia ya kupasuana, wafundishwe mafundo, moto, huduma ya kwanza, nidhamu. Tena Agosti kulikuwa na kambi Kisumu, likizo karibu yote. Mwalimu mkuu akasema sawa, lakini hakuna mtoto atavaa skafu kabla baba yake hajakubali mbele ya wazazi wengine. Alikuwa na sababu. Miaka ile vyama vingi vilikuwa ndiyo vimerudi, na kijana mwenye sare na fimbo, watu walimjua kwa jambo moja tu, kupiga watu kwa niaba ya chama.

Mjane alisikia habari ya kambi kabla hata ya mimi. Alikuja kwangu na sufuria mkononi akijifanya anaomba chumvi. Mke wangu akampa chumvi. Hakuondoka.

"Baba," akaniambia, "huyu mtoto akikaa bichi Agosti hii, mimi nitamzika. Wewe ni wa kamati. Mwambie shemeji yangu akubali."

Nikamwambia nitajaribu. Akasema hataki nijaribu, anataka nimwambie.

Nilimkuta shemeji yake akiparura matope kwenye mashine ya mashua, bila shati. Mgongo wa mtu huyo ulikuwa kama njia iliyopitwa na trekta wakati wa mvua. Aliwahi kuuza samaki mpaka Awasi, na siku moja akirudi vijana wa chama waliteremsha watu kwenye lori. Wakamuuliza kadi ya chama, hakuwa nayo, wakamlaza barabarani wakampiga kwa rungu na nyaya mpaka akajichafulia. Yeye mwenyewe ndiye alinisimulia, tukiwa tumelewa, na nilijua hapo kwamba hajamsimulia mtu mwingine. Nikamweleza habari ya skauti, nimepanga maneno vizuri njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho, bado anaparura.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "wale walionilaza Awasi nao mama zao waliambiwa wanafundishwa nidhamu."

Lakini akaongeza kwamba mkutanoni atakuja, amwangalie huyo mwalimu usoni, kwani mtu haukatai mchuzi ambao hajaunusa. Mjane nilipompelekea neno hilo, alikaa chini pale pale jikoni kwake, kwenye majivu.

Jumamosi ya mkutano wazazi walijaa darasani. Mwalimu alikuwa amewaandaa vijana siku nyingi, wamepangwa na fimbo zao uwanjani, mbele ya madirisha. Yeye mwenyewe akatokea kwa kaptura. Sasa mtu mzima, ana mke, magoti nje mbele ya akina mama. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti kama kitambaa kiliisha dukani au fundi alikufa katikati ya kazi. Watu wakacheka, na mwalimu naye akacheka, akajibu kwamba fundi bado anashona, wazazi wawe na subira. Jibu hilo liliwapendeza. Wavulana wakaonyesha namna ya kumfunga mtu aliyevunjika mkono. Wakabeba mgonjwa wa uongo kwa fimbo mbili na magunia. Mtoto wa mjane ndiye alishika mbele, na nilimwona shemeji akimtazama bila kufumba jicho, na ule uso wake ukalegea kidogo. Mjane alikuwa amekaa na wanawake upande mmoja, ameshika ncha ya kitambaa chake cha kichwa kinywani. Nilifikiri tumemaliza kazi. Nilikuwa hata nimeanza kuwaza kuku wa kusherehekea.

Kisha mwalimu akasema sasa atawasalimia wazazi kama skauti wanavyosalimiana, ili wawe wamekaribishwa rasmi. Akatembea mpaka mstari wa mbele. Mwenye mashua kubwa ndiye hukaa wa kwanza, hilo halisemwi, linajulikana. Mwalimu akasimama mbele ya shemeji, akanyoosha mkono wa kushoto.

Mimi nilikuwa mlangoni, mbali mno kumzuia. Mwalimu alifikiri yule mtu hajaelewa, kwa hiyo akausogeza mkono karibu zaidi, karibu na uso, akitabasamu. Mtu wa milimani alishazoea mambo ya skauti tangu utotoni mpaka akasahau kwamba hata kwao nyumbani mkono ule haupewi mtu.

Shemeji alishika mguu mmoja wa kiti alichokuwa amekalia na kumpiga mwalimu nacho upande wa sikio. Mwalimu akaenda chini na kiti kikaenda juu yake. Hapo kila mtu akasimama na kila mtu akapata mtu wake. Kulikuwa na wazazi wa bichi ya pili ndani ya mkutano, maana shule ni moja, na wao hawakuhitaji habari ya mkono wa kushoto, walikuwa wanangoja sababu yoyote. Nilimwona mzee wa kanisa, mtu wa kupiga ngoma Jumapili, akimuuma mtu bega. Meza ya mwalimu mkuu ilivunjwa miguu na kila mguu ukapata kazi. Wavulana uwanjani walibaki na fimbo zao mikononi, wamefunzwa kusimama wima, hawajui wamsaidie mwalimu au baba zao. Mtoto wa mjane alitaka kukimbilia ndani. Binamu yake, yule mtoto wa shemeji, akamshika skafu kwa nyuma akamwambia asimwinulie mtu mzima fimbo, atajiletea laana. Hilo nilisimuliwa baadaye na vijana wenyewe. Mimi nilikuwa na kazi mlangoni, kuna mtu nilikuwa nimembana shingo.

Tulipowatenganisha, sakafu ilikuwa na viatu na damu. Mwalimu alikaa ukutani, sikio limepasuka juu mpaka chini, linaning'inia kama jani la mgomba. Akaanza kueleza. Unamwonea mtu huruma akieleza kwa kinywa kilichojaa damu. Alisema mkono wa kushoto ndio unaoshika ngao, na mtu akikupa mkono huo ameweka ngao chini, amekuamini, yuko wazi mbele yako. Wazee wawili watatu walitazamana, kwa sababu ngao za babu zetu zilishikwa kushoto kweli. Lakini shemeji alikuwa ameshafika mbali. Alisema mtoto wa ndugu yake ni wa mashua, na Agosti yote atakuwa mchangani, na skafu hiyo atafungia nayo chambo.

Mjane akatoka upande wa wanawake. Alivuka katikati ya wanaume wale wenye vipande vya meza mikononi kama anavuka kijito. Akasimama mbele ya mwalimu pale chini.

"Mwalimu," akasema, "mimi ni mwanamke, upande wa kushoto ndio watanizika. Huo mkono ni wangu. Nipe."

Na akaushika, wa kushoto kwa wa kushoto, damu na mafuta ya samaki. Akasema mtoto wake aandikwe.

Shemeji alimfikia kabla ya mtu kufikiri. Alimpiga kofi la kwanza akayumba, la pili akaanguka juu ya mwalimu, na akainua mguu. Sijui kama nilitembea au niliruka. Ninachojua ni kwamba sikuchagua mkono. Mkono ule ule uliofungwa katani, uliong'olewa ukucha, ulitoka peke yake kama zamani ukumbini Kisumu, ukampata chini ya kidevu. Alianguka wima, kama mti. Yule mzee aliyetania kaptura, kule nyuma, akasema huyo naye amesalimiwa. Hakuna aliyecheka.

Agosti mtoto wa mjane alikwenda kambini Kisumu. Mama yake alimsindikiza mpaka barabarani uso bado umevimba. Shemeji hakumzuia. Hakuzungumza naye wala nami. Nyavu zililindwa na mwanawe peke yake.

Wa bichi ya pili walikuja asubuhi, mashua zikiwa zinateremsha samaki na jua limeshatoka vizuri, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuona. Walikuja wengi, na yule wa jicho moja mbele. Wakauliza yule wa mjane yuko wapi. Mtoto wa shemeji alikuwa ameketi juu ya rundo la nyavu. Angeweza kusema tu kwamba yuko Kisumu. Akawaambia wamtafute kwa lile jicho lililobaki. Watoto wetu ndivyo tulivyowalea, jibu kwanza. Walimpiga kasia la kichwa, upande wa makali, na alipoanguka majini wakaendelea kupiga maji. Tulipofika kutoka kwenye mizani, nilimvuta mimi kwa shati. Alikuwa akipumua kwa sauti kama mtu anayekoroma. Tulimlaza kwenye pikapu ya samaki, juu ya barafu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, kichwa chake mapajani mwa baba yake, tukaelekea Kisumu. Barabara ile ilikuwa na mashimo. Kabla hatujamaliza nusu ya safari, shemeji akagonga paa la gari akasema dereva apunguze mwendo, hakuna haraka tena.

Wanaume wetu walikwenda kuchoma mashua za bichi ya pili. Sikuwakataza, nilibeba dumu la petroli mimi mwenyewe sehemu ya njia. Polisi walikuja, wakatuchapa wote, waliochoma na waliochomewa, na yule wa jicho moja akapelekwa jela ya vijana. Mazishini mwalimu alikuja na skauti wake, sikio limeshonwa vibaya. Shemeji alitoka na panga akawafukuza mpaka nje ya boma, na mtoto wa mjane, aliyetoka kambini siku hiyo hiyo, akalia akiwa nje ya ua wa katani, upande wa barabara, na fimbo yake. Mama yake alikuwa ndani ya boma akipika na wanawake wengine. Alikuwa na mtoto hai na hakuweza kuinua macho kumtazama mke wa shemeji. Mke wa shemeji ndiye alimwambia aende nje akampe mtoto wake uji.

Shule zilipofunguliwa, nilikuwa nyuma ya nyumba nikitengeneza banda la kuku, nikamwona shemeji akija. Nilitafuta kwa macho kitu cha kushika, maana alikuwa hajasema nami tangu siku ya kidevu, na nyundo ilikuwa mbali. Alikuwa amemshika mkono mwanawe wa pili, mdogo bado, ana meno ya kuanguka. Yule mtoto alikuwa amevaa kaptura ya kaki. Nikaitambua. Ilikuwa imekatwa kutoka kwa suruali ya baba yake, ile aliyokuwa akivaa kanisani, na imeshonwa kwa uzi wa nyavu.

"Mpeleke kwa mwalimu wako," akaniambia. "Mimi huo mkono sitaushika mpaka nife. Lakini huyu ashike."

Akamsukuma mtoto mbele, akageuka akaenda zake bichi. Mtoto alibaki pale akinitazama, akanipa mkono kunisalimia, wa kulia, kama alivyofundishwa nyumbani. Niliupokea. Kisha tukaondoka kwenda shuleni, na njiani nikamwonyesha ule mwingine.